Mafumbo Magumu ya Mwaka 1942: Kutoka Mai Mahiu Hadi Kilindini

Barabara ya zamani itokayo Rironi kwenda Naivasha hushuka ukingo wa Bonde la Ufa kwa kona nyingi na kali. Upande mmoja ni mwamba uliochongwa. Upande wa pili ni bonde lenyewe, na ng'ambo yake mlima Longonot na, mbali zaidi, Suswa. Madereva wa malori yaendayo Narok, Nakuru na hata Uganda wanazijua kona hizo moja baada ya nyingine. Chini huko, karibu na mji wa Mai Mahiu, pana kanisa la mawe kando ya barabara, dogo kiasi kwamba mgeni aweza kulipita asilione. Wengi hulijua kwa jina la Kanisa la Wasafiri. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita kutoka Italia, watu walewale waliotiwa kazini kuichonga barabara hiyo.

Habari za kanisa hili husimuliwa kuwa habari za jasho na ibada, na ni kweli. Lakini nyuma yake ipo historia nyingine isiyosimuliwa sana, ya watu ambao hawakushika sururu wala bunduki. Waliketi mezani na kalamu za risasi, mbele yao karatasi zilizojaa tarakimu na herufi zisizo na maana, wakatafuta maana. Mwaka huohuo wa 1942, London, wasomaji wa gazeti walishindanishwa kujaza chemshabongo kwa dakika 12. Mwaka huohuo, Mombasa, shule ya wavulana iligeuzwa kuwa ofisi ya siri ya kusoma ujumbe wa jeshi la majini la Japani. Mai Mahiu, London na Mombasa ni milango mitatu ya kisa kimoja, na kisa hicho kinaonyesha vizuri kuliko kingine nikijuacho jinsi fumbo gumu kabisa linavyofumbuliwa.

Juni 10, 1940, Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani. Wakati huo ilikuwa ikizitawala Eritrea na Somalia ya Kusini, na Ethiopia pia, ambayo iliivamia mwaka 1935. Mtawala wake mjini Addis Ababa alikuwa Amedeo, Duke wa Aosta. Julai 1940 majeshi yake yaliutwaa mji wa Moyale kwenye mpaka wa Kenya, na mwezi wa Agosti yakaitwaa Somalia ya Waingereza. Kwenye karatasi, Waitalia walikuwa na askari wengi kuliko wapinzani wao. Tatizo lao lilikuwa umbali. Njia ya Suez ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na kutoka Roma hadi Addis Ababa hapakuwa na njia ya kupitisha meli za jeshi. Maagizo, maombi ya risasi, taarifa za vikosi na mipango ya kurudi nyuma, kwa sehemu kubwa, vilisafiri kwa redio.

Na redio haina mlango. Anayetuma ujumbe kwa redio humtangazia rafiki na adui kwa pamoja, ila hutumaini kwamba adui hataelewa. Kwa hiyo maneno yalifichwa. Karani alikuwa na kitabu cha msimbo, mfano wa kamusi, ambamo kila neno au jina la mahali lilipewa kundi la tarakimu. Kisha makundi hayo yalivurugwa tena kwa utaratibu mwingine, ili hata aliyeiba kitabu asiweze kusoma. Jeshi lililozingirwa haliletewi vitabu vipya kwa urahisi. Lazima litumie vilevile kwa muda mrefu, na kila ujumbe unaoongezeka humpa msikilizaji makombo mapya ya kulinganisha. Wafumbuzi wa Uingereza, wengine katika jumba la Bletchley Park nje ya London, wengine katika ofisi iliyofunguliwa Heliopolis, Cairo, mwishoni mwa 1940, waliyaokota makombo hayo. Vita vya Afrika Mashariki vilipopamba moto mwanzoni mwa 1941, majenerali wa Uingereza walikuwa wakisoma sehemu kubwa ya mawasiliano ya adui yao, mara nyingine karibu wakati uleule ambao maofisa wa Kiitalia walikuwa wakiyasoma.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Jenerali Alan Cunningham aliingia Somalia kutoka Kenya akiwa na askari wa King's African Rifles, wa Nigeria, wa Gold Coast na wa Afrika Kusini. Kismayu ilianguka Februari 14, 1941, Mogadishu Februari 25, Harar Machi 26. Aprili 6 majeshi hayo yaliingia Addis Ababa, na Mei 5 Mfalme Haile Selassie akarudi katika mji wake mkuu. Duke wa Aosta alijisalimisha milimani Amba Alagi mwezi huohuo wa Mei. Ngome ya mwisho, Gondar, ilisalimu amri Novemba 27. Ushindi huo ulinunuliwa kwa miguu na damu ya askari Waafrika na ya wazalendo wa Ethiopia waliopigana tangu uvamizi, na hakuna karatasi iliyofumbuliwa inayoweza kuwapunguzia haki yao. Lakini jemadari ajuaye adui yuko wapi, ana petroli kiasi gani na anapanga kurudi nyuma lini, hawapeleki askari wake kufa gizani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya wafumbuzi.

Makumi ya maelfu ya mateka wakaletwa Kenya. Duke mwenyewe alifariki Nairobi Machi 3, 1942, na kaburi lake liko Nyeri. Wengine walipelekwa katika kambi za nyanda za juu na za Bonde la Ufa. Mmoja wao, Felice Benuzzi, alitoroka kambi ya Nanyuki Januari 1943 ili apande Mlima Kenya, kisha akarudi kujisalimisha. Na wengine waligawiwa sururu, wakaelekezwa kwenye ukingo ulio juu ya Mai Mahiu. Wale walioomba mahali pa kusali, wakapajenga kwa mikono yao, hawakujua kwamba sehemu ya njia iliyowafikisha hapo ilifunguliwa na mtu aliyeketi mbali sana, akikisia neno moja la Kiitalia mpaka likakubali.

Mtu huyo alikuwa mtu wa namna gani? Wakuu wa Bletchley Park waliwatafuta wanahisabati, wachezaji wa chesi, wanafunzi wa lugha za kale, na watu waliopenda mafumbo ya maneno. Mavis Lever alikuwa msichana wa miaka 19 aliyesomea Kijerumani. Siku moja alitazama ujumbe mrefu wa jeshi la majini la Italia, uliofichwa kwa mashine ya Enigma, akaona jambo ambalo macho mengi yangelipita: katika ukurasa mzima hapakuwa na herufi L hata moja. Alijua sifa moja ya mashine ile, kwamba herufi haigeuzwi kamwe kuwa yenyewe. Basi akakata shauri: opereta aliambiwa atume ujumbe wa majaribio, na kwa uvivu amebonyeza L tangu mwanzo hadi mwisho. Kutokana na uvivu wa mtu mmoja asiyemjua, Lever na wenzake waliweza kuufuata mtambo mpaka ndani. Mwezi wa Machi 1941 ujumbe walioufumbua ulisaidia kuzishinda meli za Italia karibu na Rasi ya Matapan, Ugiriki. Lever hakuona kitu kilichokuwapo. Aliona kitu ambacho kilipaswa kuwapo na hakikuwapo, na huo ni ustadi ambao kila mjazaji wa chemshabongo ngumu anaujua.

Chemshabongo ya miraba ilizaliwa New York Desemba 21, 1913, katika gazeti la New York World, kazi ya Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Vidokezo vyake vilikuwa vya kawaida: maana imeandikwa, tafuta neno. Waingereza walipoichukua waliigeuza kuwa mchezo mwingine. Mwaka 1926 Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, alianza kutunga katika gazeti la Observer chemshabongo ambazo kila kidokezo chake kilikuwa mtego. Aliyemrithi mwaka 1939, Derrick Macnutt, mwalimu wa lugha za kale aliyejiita Ximenes, aliuwekea mtego huo sheria. Kidokezo chema kina sehemu mbili zilizoshonwa pamoja mpaka mshono usionekane: moja ni maana ya jibu, nyingine ni njia ya kulijenga jibu hilo kwa herufi. Mtunzi anaruhusiwa kukupotosha. Haruhusiwi kukudanganya.

Tuchukue mfano kwa lugha yetu. Kidokezo: "Ramani iliyokatwa kichwa huleta utulivu", herufi 5. Msomaji wa haraka ataona vita, ataona mipaka ya nchi, ataona wakoloni na rula zao. Yote hayo ni pazia. Mfumbuzi huyaacha maneno yaseme yanachosema kwa herufi tu: chukua neno "ramani", ondoa herufi yake ya kwanza, na linalobaki, "amani", ndilo utulivu. Ugumu haukuwa katika neno, maana mtoto wa darasa la kwanza analijua. Ugumu ulikuwa katika kuikataa picha ambayo sentensi imekuchorea. Katika chemshabongo ngumu kweli, kila kidokezo huja na picha yake na kila picha ni ya uongo, na mara nyingine miraba nayo hudai sharti jingine ambalo halikutajwa mpaka mwisho. Ndiyo maana watu wenye elimu kubwa huketi nazo juma zima.

Mwishoni mwa 1941 baadhi ya wasomaji wa Daily Telegraph walilalamika kwamba chemshabongo za gazeti hilo zimekuwa rahisi mno. Mmoja akaahidi kutoa pauni 100 kwa mfuko wa hisani iwapo yeyote ataweza kujaza moja kwa dakika 12 mbele ya mashahidi. Januari 1942 washindani walikusanywa katika ofisi za gazeti, saa ikawekwa, na wachache wakamaliza kabla ya muda. Stanley Sedgewick alikuwa amebakiza neno moja dakika zilipokwisha. Wiki kadhaa baadaye walipata barua za serikali zikiwaita kwa mazungumzo kuhusu jambo lenye umuhimu kwa taifa. Sedgewick alijikuta Bletchley Park. Kazi ya huko haikutaka mtu ajuaye mengi tu. Ilitaka mtu awezaye kukaa na jambo asilolielewa bila kukata tamaa, na bila kulilazimisha liseme asemalo yeye.

Katika miezi hiyohiyo vita vilisogea hadi pwani yetu. Waingereza walikuwa na kikosi cha wafumbuzi cha Mashariki ya Mbali, kilichoanza Hong Kong mwaka 1935, kikahamia Singapore mwaka 1939, kisha Colombo Januari 1942, kikiwakimbia Wajapani kila mara. Aprili 5, 1942, ndege za Japani ziliishambulia Colombo. Meli za kivita za Uingereza zikarudi nyuma hadi bandari ya Kilindini, Mombasa, na wafumbuzi wakaja nazo. Walipewa shule ya Allidina Visram inayotazama bahari, iliyopewa jina la mfanyabiashara ambaye maduka yake yalienea kutoka pwani hadi Uganda. Madarasa yakawa ofisi. Mahali ambapo wavulana walikuwa wakifanya hesabu, maofisa, makarani na wanawake wa jeshi la majini walianza kufanya hesabu ya namna nyingine.

Hesabu hiyo ilikuwa kama ifuatavyo. Msimbo mkuu wa jeshi la majini la Japani, ambao Washirika waliuita JN-25, uliligeuza kila neno kuwa nambari ya tarakimu 5. Kisha karani alifungua kitabu cha pili kilichojaa nambari za kubahatisha, akaziongeza juu ya zile za kwanza moja kwa moja bila kubeba kumi. Kilichorushwa hewani kilikuwa jumla. Mfumbuzi alikuwa na jumla peke yake, akatakiwa kutafuta vilivyojumlishwa. Inaonekana haiwezekani. Lakini waliotunga kitabu walitaka kujilinda dhidi ya makosa ya usikivu, wakaamua kwamba kila nambari halali igawanyike kwa 3 bila baki, ili mpokeaji atambue papo hapo ikiwa tarakimu imeharibika njiani. Kinga hiyo ikawa dirisha. Mfumbuzi aliyekisia nambari ya kuongeza aliweza kuitoa katika rundo zima la jumbe na kutazama: zinazobaki zinagawanyika kwa 3? Kama ndiyo, yuko njiani. Kama siyo, arudi mwanzo. Hiyo ni kazi ileile ya makutano ya miraba, ambapo jibu la kwenda chini hulihukumu jibu la kwenda kulia.

Wamarekani walitumia makutano ya namna hiyo mwezi wa Mei 1942. Katika jumbe za Japani herufi AF zilitaja mahali pa shambulio kubwa lijalo, na wafumbuzi wa Hawaii walishuku kwamba ni kisiwa cha Midway. Wakaagiza kisiwa kitume taarifa ya wazi kwamba mtambo wake wa maji safi umeharibika. Muda si muda Wajapani wakaarifiana kwamba AF imepungukiwa na maji. Kisio likawa hakika, na Juni 4 meli za Marekani zilikuwa zikisubiri.

Kilindini hakukuwa na fahari kama hiyo mwanzoni. Mawimbi ya redio kutoka Pasifiki yalifika Mombasa hafifu, mengi yakapotea njiani, na kilichonaswa kilikuja na mapengo. Mfumbuzi wa Mombasa alikuwa anajaza miraba ambayo nusu ya vidokezo vyake imechanika. Kazi iliendelea hivyo hivyo, joto la pwani juu yake. Mwezi wa Septemba 1942 uvumilivu ukazaa. Palikuwa na msimbo uliotumiwa na meli za biashara za Japani, JN-40, ambao wote waliamini umejengwa kwa mtindo wa JN-25: kitabu, kisha nambari za kuongeza. Kosa lililofanywa na upande wa Japani liliwapa John MacInnes na Brian Townend, wawili wa Kilindini, fununu kwamba imani hiyo ni potofu tangu mzizi. Msimbo haukuwa wa kujumlisha hata kidogo. Kila alama iligeuzwa kuwa tarakimu mbili, kisha tarakimu zikapangwa katika safu na safu hizo zikabadilishwa nafasi. Kufikia Novemba walikuwa wanasoma jumbe zote za nyuma na kila mpya ilipoingia, na katika wiki mbili zilizofuata wakavunja misimbo mingine miwili, JN-167 na JN-152. Safari za meli zilizobeba askari na shehena za Japani zikajulikana kutoka darasa la Mombasa.

Nimetulia juu ya kisa hiki kwa sababu kinaonyesha pale hasa ambapo fumbo gumu linashinda watu. MacInnes na Townend hawakufaulu kwa kuongeza bidii katika njia iliyokuwapo. Walifaulu walipokubali kwamba njia yenyewe ilikuwa pazia. Kila mtu kabla yao alikuwa ameitazama JN-40 na kuona ndugu wa JN-25, kama msomaji aonavyo vita katika neno "ramani".

Tena, mji uliowapokea haukuwa mgeni wa sanaa hii. Zaidi ya miaka 100 kabla yao, Muyaka bin Haji, aliyefariki takriban mwaka 1840, alikuwa akitunga Mombasa mashairi ya kufumba, na washairi wenzake wakitakiwa kuyafumbua kwa bahari na vina vilevile. Desturi hiyo ya kujibizana haikufa. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923, malenga waliendelea kufungiana na kufunguliana mafumbo katika kurasa zake. Na juu huku, katika nchi ya Wagikuyu ambayo Mai Mahiu ni mlango wake wa kushukia kwa Wamaasai, palikuwa na gicandi: kibuyu kilichochorwa alama, ambacho waimbaji wawili walikisoma kwa kupokezana, mmoja akitupa fumbo na mwenzake akilifumbua. Padri Vittorio Merlo Pick, Mwitalia, aliyachapisha mengi ya mafumbo hayo mwaka 1973, na Ngũgĩ wa Thiong'o alimfanya mwimbaji wa gicandi kuwa msimulizi wa riwaya yake Caitaani Mũtharaba-inĩ mwaka 1980. Msomi Kimani Njogu, katika kitabu chake cha mwaka 2004, ameziweka sanaa hizi mbili, ya pwani na ya bara, katika ukoo mmoja wa ushairi wa majibizano.

Neno "majibizano" ndilo linalofafanua mambo yote haya. Anayefumba na anayefumbua wamo katika mazungumzo, hata kama hawajawahi kuonana. Mtunzi wa chemshabongo na mwimbaji wa gicandi hutaka kupatikana mwishoni. Fumbo lao likikosa mfumbuzi limekosa kazi yake. Karani wa msimbo wa vita hutaka asipatikane kamwe. Hata hivyo wote watatu ni binadamu wenye mazoea, wenye uchovu, wenye kanuni wanazozifuata bila kufikiri, na mfumbuzi huingia kupitia hapo. Opereta aliyebonyeza L, wakuu waliodai nambari zigawanyike kwa 3, mtumaji aliyekosea: kila mmoja aliacha alama ya akili yake katika kazi yake. Mfumbuzi hodari ni yule anayemheshimu aliye upande wa pili kiasi cha kujiuliza, si tu "jibu ni nini", bali "huyu alikuwa anafikiri nini alipoandika hivi".

Na hakuna aliyefumbua fumbo la vita peke yake. Vitabu vya Japani vilijengwa upya neno kwa neno na watu waliotawanyika Mombasa, Colombo, Melbourne, Washington na Bletchley, kila kituo kikitumia wengine kile kilichopata. Wengi wao hawakuruhusiwa kusema. Walikula kiapo, wakarudi makwao, wakanyamaza mbele ya wazazi na wenzi wao. Siri ya Bletchley Park ilianza kutangazwa kwa mapana mwaka 1974 tu, F. W. Winterbotham alipochapisha kitabu chake, zaidi ya miaka 30 baada ya mateka wa Mai Mahiu kuezeka kanisa lao. Kikosi cha Mombasa kilirudi Colombo mwaka 1943, na shule ikarudishiwa wanafunzi wake.

Historia hii basi ni yetu kuliko tunavyoidai. Tunapozungumza juu ya akili zilizovunja misimbo ya Vita vya Pili vya Dunia, mawazo huenda Uingereza, ilhali JN-40 ilivunjwa katika shule ya Mombasa, na Waitalia walioshindwa kwa msaada wa kalamu za risasi walichonga barabara tunayopitia kila siku. Walimu wa historia wana haki ya kuwaambia wanafunzi jambo hilo mahali lilipotukia. Na walimu wa Kiswahili wana haki ya kwenda mbele zaidi. Lugha iliyomlea Muyaka, yenye viambishi vinavyoingia na kutoka, yenye maneno yanayoficha maneno mengine ndani yake, inaweza kubeba chemshabongo ngumu sawa na za Torquemada. Magazeti yetu huchapisha chemshabongo za maana ya wazi, na ni jambo jema. Kinachosubiriwa ni mtunzi atakayeziwekea mtego kwa sheria ya haki. Mwanafunzi anayejifunza kuikataa picha ya kwanza, kulijaribu kisio lake kwenye makutano, na kulifuta kwa kalamu ya risasi bila aibu linapokataa, anajifunza jambo lilelile lililomfikisha MacInnes kwenye jibu. Hilo halihitaji vita ili lifundishwe.